Macho ya kaka yangu

Jumapili moja ya mwaka 2018, wakati wa masika, kaka yangu alisimama kanisani kusoma Somo la kwanza, kama alivyozoea tangu miaka kumi. Yeye ni mwalimu wa darasa la sita, mimi ni mwalimu wa sekondari. Sisi wawili tulisomeshwa na misioni, naye katika kijiji chetu kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira, ndiye anayesifiwa kuliko wote kwa sauti ya kusoma. Walakini siku ile alisoma vibaya. Aliruka neno, akarudi nyuma, akaruka jingine. Akainamisha kichwa upande kama kuku atazamaye punje, na hivyo akafika mwisho kwa shida. Watu wakatazamana. Nikaona haya kwa ajili yake.

Misa ilipokwisha nikamngoja chini ya mwembe, nikamwuliza: «Yaya, leo una nini?»

Akanijibu: «Kuna doa jeusi. Nikitazama neno, neno lenyewe lafunikwa, bali herufi za kando naziona vizuri. Nikihamisha jicho, doa nalo lahama, lakwenda kukaa juu ya neno lilelile ninalolitaka.»

Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia habari hii bila kuficha kosa langu. Nilicheka. Nikamwambia kwamba mtu akiisha kupita miaka arobaini macho yake huchoka, na kwamba yeye si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Siku ya soko nikamnunulia miwani kwa mchuuzi mmoja aitandazaye juu ya gunia pamoja na betri na nyembe. Nikalipa franka elfu tano, nikajiona ndugu mwema. Kaka akaivaa. Herufi zikawa kubwa zaidi, lakini doa likabaki palepale.

Miezi miwili ikapita namna hiyo. Ziko dalili nyingine ambazo leo nikizikumbuka nashangaa jinsi tulivyozitazama bila kuziona. Usiku alitoka jasho hata shuka ikalowa. Tukasema ni malaria. Alikonda, tukasema ni kazi nyingi na mshahara unaochelewa. Alipokula matonge machache ya ugali na sombe aliusukuma mkate wa muhogo kando akisema ameshiba, na shemeji yangu, mke wake, alianza kunung'unika kwamba mapishi yake hayapendwi tena. Alikunywa dawa za malaria mara tatu. Jirani mmoja akashauri twende kwa mfumu. Kwenda huko hatukwenda, lakini sina haki ya kujisifu, kwa maana miwani yangu haikuwa na faida kuliko hirizi.

Mwezi wa sita, mwuguzi wa macho alifika katika dispensari ya misioni kuwapima wanafunzi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sanduku dogo la vyombo. Kaka alikwenda kuwasindikiza watoto wa darasa lake, na walipokwisha akaketi yeye pia. Yule mama akamtia matone ya kupanua mboni, akamwambia angoje nusu saa chumbani mwenye giza. Mimi nilikuwa pamoja naye. Katika kungoja nikakumbuka Kilatini cha seminari: mboni ya jicho huitwa «pupilla», maana yake msichana mdogo au mwanasesere, kwa sababu anayetazama katika jicho la mwenziwe huona mle sura yake mwenyewe iliyopunguzwa. Nilikuwa nimetazama katika macho ya kaka yangu miezi miwili, nami sikuona kitu kingine.

Mwuguzi akamwangalia kwa taa ndogo iitwayo ofthalmoskopu. Akatazama jicho la kuume, akatazama la kushoto, akarudi tena kwa lile la kuume. Hakusema neno. Mwishowe akaiweka taa chini, akauliza: «Mwalimu, sahani yako unaimaliza?»

Kaka akasema: «Mama, matonge matatu tu, nashiba.»

«Na upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, wasikia nini?»

Kaka akanyamaza, akaweka mkono mahali pale. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa ukali kidogo: «Mama, sisi tumekuja kwa ajili ya macho.»

Naye akasema bila kukasirika: «Mwalimu, macho haya hayana kosa. Linalougua ni damu ipitayo ndani yake.»

Akachukua daftari akatuchorea alichokiona. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Juu yake mwanga huanguka kama picha. Mishipa midogo ya damu hutambaa juu ya utando huo kama vijito. Karibu hakuna mahali pengine mwilini ambapo mganga aweza kuiona mishipa waziwazi namna hii bila kupasua ngozi. Katika macho ya kaka, vijito vile vilikuwa vimevimba na kupinda-pinda kama mto wakati wa mafuriko. Hapa na pale damu ilikuwa imevuja ikafanya madoa, na mengine yalikuwa na kiini cheupe katikati. Doa moja lilikuwa limetua mahali padogo sana pa retina ambapo jicho husomea. Ndilo lililokuwa likifunika maneno.

Madoa hayo yenye kiini cheupe yana jina la Moritz Roth, mwanachuoni wa Uswisi aliyeandika juu ya madoa ya retina mwaka 1872. Lakini watu walikuwa wameanza kuyatazama mambo haya mbele yake. Taa ya kuangalia ndani ya jicho ilitangazwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Miaka michache kabla, mwaka 1845, Rudolf Virchow huko Berlin na John Hughes Bennett huko Edinburgh walikuwa wameandika, kila mtu kwa upande wake, juu ya wafu ambao damu yao ilikuwa imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Mwaka 1847 Virchow akaupa ugonjwa huo jina la Kiyunani, lukemia, yaani damu nyeupe. Basi katika miaka ya 1860 mganga wa macho Richard Liebreich akaiunganisha habari ya taa na habari ya damu, akaeleza jinsi retina ya mtu mwenye lukemia ionekanavyo. Yasemwa mara nyingi kwamba elimu ya namna hii ni mpya na ngumu. Kumbe yule mama katika dispensari yetu alifanya kazi iliyojulikana tangu miaka mia moja na hamsini. Kilichopungua kwetu ni taa na mtu wa kuishika.

Hata hivyo yeye hakusema kwamba ni lukemia. Alituambia kwamba madoa ya Roth huonekana pia kwa wenye maambukizo ya moyo, kwa wenye upungufu mkubwa wa damu, hata kwa wagonjwa wengine wa malaria kali. Jicho laweza kutoa taarifa, lakini hukumu hutolewa na kipimo cha damu. Akaandika barua, akaifunga, akasema: «Nendeni wiki hii, msingoje mwisho wa mwezi.»

Tukapanda gari hadi Uvira, toka huko tukafuata bonde la Ruzizi, tukapanda miteremko ya Ngomo mpaka Bukavu. Kaka alikaa kwenye dirisha, akafumba jicho la kuume njia nzima.

Hospitalini walipima damu, kisha wakaipima mara ya pili, kwa sababu fundi wa maabara alidhani mashine imekosea. Chembe nyeupe zilikuwa 312,000 katika milimita moja ya ujazo, hali mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 10,000. Mganga akampapasa tumbo, akaikuta bandama imeshuka hata kitovuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilibana tumbo lisipokee chakula. Ugonjwa wenyewe waitwa lukemia sugu ya mieloidi: huanzia katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na huenda polepole, miezi au miaka, kabla ya kujionyesha.

Nilimwuliza mganga inakuwaje damu ya namna hiyo ipasuke ndani ya jicho. Alinieleza kwa mfano ambao mwalimu hawezi kuusahau. Fikirini kengele ya mapumziko imelia, na mlango wa darasa ni mwembamba. Watoto arobaini wakitoka kwa taratibu wote hupita. Walete mia nne, tena wakubwa, wenye mizigo mgongoni: mlango utaziba, na walio nyuma wataendelea kusukuma. Chembe nyeupe ni kubwa kuliko nyekundu, wala hazikunjiki kwa urahisi kama zile. Zikizidi mno, damu huwa nzito, mshipa mwembamba hujaa, ukuta wake huvuja. Katika lukemia za namna nyingine, hasa zile za haraka, kuna sababu zaidi: chembe ndogo zinazogandisha damu hupungua, basi mishipa ikivuja kidogo tu hakuna cha kuuziba mwanya. Tena iko saratani ya damu ambayo uzito wake hautoki katika chembe, ila katika protini iliyozidi ndani ya maji ya damu. Mswidi Jan Waldenström aliieleza mwaka 1944. Ndani ya macho ya wagonjwa wake mishipa huonekana imebanwa na kuvimba kwa zamu, kama shanga zilizotungwa, nao hulalamika kwamba wanaona kama kwa ukungu.

Siku zile za Bukavu tuliona jambo jingine la macho ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa linawahusu wazazi wengi kuliko habari ya kaka yangu. Katika ukumbi wa kungojea alikuwako mtoto wa miaka sita hivi aliyeshikwa na mama yake. Shavu lake lilikuwa limevimba, na jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje, halifumbiki. Mama alitueleza kwamba mwanzo meno yalilegea, akadhani ni jino bovu, na jicho lilipoanza kutokeza akadhani watoto wenzake wamempiga. Huo nao ni ugonjwa wa jamaa ya saratani za damu. Waitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, mganga mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1957 aliwaona watoto wenye uvimbe wa mataya namna hii, na mwaka 1958 akaandika juu yao. Mwaka 1961 yeye na waganga wawili wenziwe walisafiri kwa gari kutoka Kampala kuelekea kusini ya Afrika, mwendo wa kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna hiyo wanaonekana. Hivyo wakatambua kwamba ugonjwa hukaa katika nchi za joto na mvua, palepale pakaapo malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe za uvimbe huo. Uvimbe wa Burkitt hukua upesi ajabu, kwa siku wala si kwa miezi, lakini mara nyingi hutii dawa kwa upesi uleule. Tuliporudi hospitalini baada ya mwezi, mtoto yule alikuwa akisukuma kigari cha waya uani, na jicho lake lilikuwa limerudi ndani karibu lote. Mama yake alituonyesha kwa kidole, hakusema kitu.

Turudi kwa kaka. Kwanza alipewa vidonge vya hidroksiurea kushusha wingi wa chembe. Damu yake ikapimwa tena kwa mashine ileile ambayo mahali pengi huipimia kifua kikuu, safari hii kutafuta alama ya ugonjwa katika chembe zenyewe. Alama hiyo ilionekana mara ya kwanza mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford wa mji wa Philadelphia walipoona kromosomu moja ndogo kuliko inavyopasa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha sababu yake: vipande viwili vya kromosomu, ya 9 na ya 22, vimebadilishana mahali. Mganga akamwambia kaka mbele ya mke wake kwamba kosa hilo hakulirithi, hatawarithisha watoto, wala hawezi kumwambukiza mtu kwa kikombe au kwa kitanda. Nilimwona shemeji yangu akishusha pumzi.

Dawa aliyopewa yaitwa imatinibu. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Kabla yake wagonjwa wengi wa namna hii hawakupita miaka mitano au sita. Leo wengi huishi nayo miaka mingi, wakiimeza kila siku. Kaka alipewa miligramu 400, mara moja kwa siku, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Habari ya jinsi tulivyosaidiwa kuipata ni ndefu, siielezi hapa. Baada ya wiki sita chembe zilikuwa zimeshuka kuwa 8,000. Bandama likarudi chini ya mbavu. Doa katika jicho likafifia polepole, kwanza jeusi, kisha la kijivu, kama wino katika shati lililofuliwa mara nyingi. Alirudi shuleni mwanzo wa mwaka wa masomo, akapokewa kwa nyimbo.

Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, na kosa hili ni baya kuliko lile la miwani.

Mwezi wa nne wa dawa, kope zake zikaanza kuvimba. Asubuhi aliamka macho yamejaa kama ya mtu aliyelia usiku kucha au aliyelewa, na mchana yalipungua. Machozi yalimtoka mwenyewe, hata alipokuwa akifundisha hesabu. Siku moja weupe wa jicho la kushoto ukawa mwekundu kabisa kwa damu, na watoto wakaogopa. Kijijini maneno hayachelewi. Watu wakasema: ameponea kifo, sasa anasherehekea kwa kanyanga. Mzazi mmoja akapeleka malalamiko kwa kamati ya shule kwamba watoto hawawezi kufundishwa na mlevi. Mkuu wa shule akaniita kando, akaniomba niseme na ndugu yangu.

Ningalikuwa na imani ningalimwuliza. Badala yake nilikwenda kwake asubuhi mapema, nikaingia bila kupiga hodi. Mezani palikuwa na kikombe. Nikakiinua, nikakinusa. Yalikuwa maji. Kidonge cha siku ile kilikuwa kando yake, juu ya kisahani. Nilipogeuka nikamwona kaka amesimama katika mlango wa chumba, kope zimevimba, ananitazama.

Akasema: «Hata wewe?»

Sikuwa na jibu. Akanipita, akatoka nje kunawa uso.

Tangu siku ile kope zake zikaanza kupungua. Kwa wiki mbili zikarudi kama zamani, machozi yakakauka, na watu wakasema mwalimu ameacha pombe. Mkuu wa shule akanishukuru. Mimi nikapokea shukrani hiyo, nikidhani kweli nimefanya jambo. Wiki ya sita shemeji yangu akaja kwangu jioni, ameficha kopo la dawa ndani ya kitenge. Akasema: «Shemeji, vidonge havipungui.» Tukavimwaga mezani tukavihesabu. Vilikuwa vimebaki vya siku arobaini, ambavyo vilipaswa kuwa vimekwisha.

Kaka hakukana. Alisema kwamba aliona wazi: akimeza, macho huvimba, na macho yakivimba hana heshima darasani. Kufa, alisema, ni habari ya baadaye. Heshima huulizwa kila asubuhi saa moja na nusu. Nilimwomba msamaha usiku ule. Akasema tutazungumza njiani, na njiani hakuzungumza mpaka tulipofika Kamanyola, ambapo aliomba ndizi.

Huko Bukavu chembe nyeupe zilikuwa zimepanda tena: 94,000. Mganga hakumgombeza. Alimwuliza kwanza: «Macho yanauma? Unaona vizuri?» Kisha akafanya jambo ambalo lingetuokoa kama lingefanywa mapema: alimweleza. Dawa hii hushika kosa lililo katika chembe za ugonjwa, lakini hugusa pia mambo mengine machache mwilini, na yadhaniwa kwamba ndiyo sababu maji huvuja katika nyama laini. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote, basi hapo huonekana kwanza, hasa asubuhi, kwa kuwa mtu amelala chali usiku. Ni jambo la kawaida mno kwa wenye kuimeza. Damu juu ya weupe wa jicho ni mshipa mdogo uliopasuka. Haiumi, haizuii kuona, nayo hufifia yenyewe baada ya wiki mbili hivi. Akamshauri apunguze chumvi, alale kichwa kikiwa juu kidogo, na asubuhi ajiwekee kitambaa chenye maji baridi. Kaka akauliza juu ya makayabo. Mganga akacheka, akasema makayabo ndiyo ya kwanza kuachwa. Nawaambia, kumnyima mtu wa kwetu makayabo si adhabu ndogo.

Kaka akauliza tena kama uvimbe ni alama kwamba dawa inafanya kazi. Swali zuri, kwa maana wengi hufikiri hivyo. Mganga akasema la: wako wasiovimba kabisa na dawa yawafaa, wako wanaovimba na haiwafai. Lijibulo ni kipimo cha damu. Na kama uvimbe wazidi hata jicho halifunguki, au mwili wote wavimba, au pumzi yakatika, mgonjwa hurudi kwa mganga, naye ndiye abadilishaye dawa, si mgonjwa mwenyewe usiku peke yake.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema kwamba mwenye saratani ya damu akisema macho yameingiwa giza ghafula, au kama pazia limeshuka, au aona vitu viwiliwili, au jicho lauma, au latokeza nje, asingoje siku ya soko. Alisema neno soko bila kujua habari ya miwani. Kaka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu majuma mengi akatabasamu.

Mganga akatuandikia barua kwa mkuu wa shule. Mimi nilitaka kuisoma mbele ya kamati, lakini kaka hakukubali. Alisema uso ni wake, na maneno yatakuwa yake. Jumatatu iliyofuata, katika somo la elimu ya viumbe, alichora jicho ubaoni, kubwa, lenye mboni na retina na vijito vya mishipa. Akawaeleza watoto ugonjwa wake toka mwanzo: damu, bandama, doa juu ya neno, kidonge, kope. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akasikiliza. Alipomaliza aliuliza kama kuna swali. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, akasema: «Mwalimu, sisi hatukusema unalewa. Sisi tulidhani unalia.»

Mzazi yule aliyemshtaki hakuomba msamaha kwa maneno. Alileta mkungu wa ndizi, akauweka barazani, akaenda zake.

Miaka imepita. Kaka humeza kidonge chake kila siku baada ya chai, na kila miezi mitatu twaenda Bukavu kupima, barabara ikiruhusu. Asubuhi kope zake bado huvimba kidogo. Doa la jicho la kuume halikutoweka lote. Limebaki kovu dogo katikati, naye amejifunza kutazama kando kidogo ya neno ili alione. Kanisani husoma polepole kuliko zamani, lakini haruki. Ubaoni huandika herufi kubwa mno. Mkaguzi alipopita alimwonya kwamba anamaliza chaki ya shule. Watoto wa dawati la nyuma hawakulalamika.